Hoja Zisizopangulika na Maswali Yasiyojibika: Nguvu Hiyo Hutoka Wapi?

Mwaka 1857, miaka miwili kabla ya Charles Darwin kutoa kitabu chake kuhusu asili ya spishi, mtaalamu wa viumbe wa Uingereza Philip Henry Gosse alichapisha kitabu kiitwacho Omphalos, yaani kitovu. Gosse aliamini, kwa imani yake ya Kikristo, kwamba dunia iliumbwa kwa siku sita na kwamba haijapita miaka mingi tangu hapo. Wakati huohuo alikuwa mchunguzi makini, na alijua vyema kwamba tabaka za miamba na visukuku vilivyomo ndani yake vinaonyesha dunia yenye umri mkubwa mno. Hakuwa tayari kuiacha imani wala kuyakataa aliyoyaona kwa macho yake, na njia aliyoipata ya kuvishika vyote viwili ilianzia kwa Adamu. Adamu hakuzaliwa na mwanamke, kwa hiyo hakuwa na haja ya kitovu. Lakini mwanamume mzima asiye na kitovu si mtu kamili kama tumjuavyo. Gosse akasema kwamba Adamu aliumbwa akiwa nacho, alama ya uzazi ambao haukuwahi kutokea. Mti wa kwanza wa bustani ya Edeni, kama ungekatwa siku ileile ulipoumbwa, ungeonyesha ndani ya shina lake miviringo ya miaka ambayo haikuwahi kupita. Na kama ndivyo ilivyo kwa mti na kwa mtu, ndivyo ilivyo kwa miamba: visukuku ni sehemu ya dunia iliyoumbwa ikiwa tayari na dalili za zamani zake, wala si mabaki ya wanyama waliowahi kuishi.

Jaribu kuipangua hoja hiyo. Ukimletea Gosse mfupa wa mnyama aliyetoweka, atakwambia kwamba uliumbwa ukiwa hivyo. Ukimwonyesha meno ya mnyama huyo yaliyolika kwa kutafuna, atakwambia kwamba yaliumbwa yakiwa yamelika. Ukibuni kipimo kipya cha umri wa mawe ambacho hakikuwepo enzi zake, jibu lake lipo tayari kabla hujakiwasha chombo chako, kwa sababu dai lenyewe limeshasema tangu mwanzo kwamba kila kitu kitaonekana sawasawa na ambavyo kingeonekana kama dunia ingekuwa ya kale. Pamoja na hayo, kitabu hicho hakikumshawishi karibu mtu yeyote. Wanasayansi walikipuuza, na watu wa dini, ambao Gosse alidhani angewaokoa, nao walikikataa. Mchungaji Charles Kingsley, aliyekuwa rafiki yake, alimwandikia kwamba hawezi kuamini kuwa Mungu ameandika kwenye miamba uongo mmoja mkubwa, tena usio na haja, kwa ajili ya wanadamu wote. Tazama kwamba Kingsley hakuonyesha kosa lolote la kimantiki. Alionyesha gharama ambayo mtu angelazimika kuilipa ili aikubali hoja ile, akasema kwamba yeye hailipi.

Mwanafalsafa Bertrand Russell aliuchukua mfumo huohuo mwaka 1921 akauvua vazi lake la dini. Hakuna jambo lisilowezekana kimantiki, alisema, katika dhana kwamba dunia ilianza dakika tano zilizopita, ikiwa kama ilivyo sasa hivi, pamoja na watu wanaokumbuka mambo ya zamani ambayo hayakuwahi kutokea. Kumbukumbu yako ya asubuhi ya leo haiwezi kuipinga dhana hiyo, kwa sababu kumbukumbu hiyo ni kitu kilichomo kichwani mwako sasa. Picha za zamani, makovu mwilini, vyeti vya kuzaliwa na makaburi, vyote vipo sasa, na vyote vingeweza kuwa vimeanza pamoja nawe dakika tano zilizopita. Russell hakuwa akiitetea dhana hiyo. Alitaka tuone wazi ni kitu gani kinachoifanya isikanushike.

Hilo ndilo ninalotaka tulichunguze hapa, kwa kuwa mijadala mingi, ya kitaalamu na ya barazani, inakwama palepale. Mtu anatoa dai, anayempinga anakosa la kusema, na wasikilizaji wanachukulia kwamba dai limeshinda. Au mtu anauliza swali, wote wananyamaza, na ukimya huo unahesabiwa kuwa ushahidi wa ukubwa wa swali. Ninashikilia kwamba katika hali zote mbili ukimya peke yake hautuambii lolote. Dai linaweza kukosa mpinzani kwa sababu ni kweli, na linaweza kumkosa kwa sababu limejengwa bila mlango wa kuingilia. Swali nalo linaweza kukosa jibu kwa sababu nyingi zisizofanana, na kabla hatujaziona ni zipi, hatujui tumeulizwa nini.

Tuanze na hoja ambazo hazipanguliki kwa haki yake. Euclid, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, alionyesha kwamba namba tasa hazina mwisho. Chukua orodha yoyote ya namba tasa yenye kikomo, zizidishe zote, kisha jumlisha 1. Namba utakayoipata, ukiigawanya kwa yoyote iliyomo katika orodha, itabakiza 1. Kwa hiyo ama yenyewe ni tasa, ama inagawanyika kwa namba tasa ambayo haimo katika orodha yako. Hoja hii haijawahi kupanguliwa, lakini inakualika uishambulie. Kila hatua imewekwa wazi, na kama ingekuwa na kosa, lingekuwa na mahali pa kuonekana: mtu mmoja tu angeleta orodha ya namba chache ambayo hesabu hiyo inakataa, na hoja yote ingeanguka. Dai la Gosse halina mahali kama hapo, na umadhubuti wake wote umetokana na kuziba kila upenyo.

Kati ya hizo mbili zipo hoja ngumu zaidi, ambazo wala si uthibitisho kama ule wa Euclid, wala si dai lililozibwa kwa makusudi ili kuikinga imani fulani. Mfano ninaouona kuwa bora ni wa Imam Ghazali, mwanachuoni aliyefariki mwaka 1111, ambaye jina lake si geni kwa yeyote aliyelelewa karibu na vyuo na madrasa za mwambao wetu. Katika kitabu kiitwacho Al-Munqidh min adh-Dhalal, alichokiandika mwishoni mwa maisha yake, anasimulia jinsi alivyotaka kujua ni maarifa gani aliyokuwa nayo ambayo hayaingiwi na shaka hata kidogo. Akaanza kuzipima hisi. Jicho, lenye nguvu kuliko hisi nyingine, hukitazama kivuli na kukiona kimesimama. Baada ya saa moja linagundua kwamba kivuli kilikuwa kikisogea muda wote, kidogokidogo, bila kutulia. Jicho huitazama nyota na kuiona ndogo kama dinari, ilhali dalili za jiometri zinaonyesha kwamba nyota hiyo ni kubwa kuliko dunia. Hisi zimehukumu, na akili imekuja kuzikadhibisha. Basi Ghazali akahamia kwenye kweli za akili, kama ile isemayo kwamba kumi ni zaidi ya tatu, akidhani kwamba hapo amefika mahali salama.

Hapo, anasema, hisi zikamjibu. Ulikuwa ukituamini sisi, mpaka alipokuja hakimu wa akili akatukadhibisha. Asingekuja, ungeendelea kutuamini. Je, unajuaje kwamba nyuma ya akili hakuna hakimu mwingine, ambaye akidhihirika ataikadhibisha akili kama ilivyotukadhibisha sisi? Kutodhihirika kwake hakuthibitishi kwamba hayupo. Nafsi yake ikasita, na ndoto ikauzidishia mashaka usitaji huo: ukiwa usingizini unaamini unayoyaona na huyatilii shaka hata chembe, kisha unaamka na kujua kwamba hayakuwa na msingi. Una dhamana gani kwamba kuamka kwako huku si usingizi mbele ya kuamka kwingine?

Alijaribu kujitibu na akashindwa, na sababu anayoitoa ya kushindwa kwake ni ya thamani kubwa kwetu. Shaka hiyo haiondoki ila kwa dalili, na dalili haiwezi kupangwa ila kwa kweli za mwanzo. Kweli hizo ndizo zilizotiliwa shaka, kwa hiyo hakuna tofali hata moja lililobaki la kujengea. Alikaa katika hali hiyo karibu miezi miwili, akiwa mtu wa shaka kwa hali yake ingawa si kwa kauli yake. Kisha akapona, na anasema waziwazi kwamba hakupona kwa kupanga hoja wala kwa kutunga maneno, bali kwa nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitia kifuani mwake. Mtu anaweza kuwa na imani ya Ghazali au asiwe nayo. Ninachokiheshimu ni kwamba hakudai kuijibu hoja ambayo hakuijibu. Wengi waliomfuata katika njia hiyo hawakuwa na uaminifu wa kiasi hicho.

René Descartes, mwaka 1641, alipita karibu njia ileile ya hisi na ndoto, akaongeza dhana ya pepo mwenye hila anayempotosha hata katika hesabu. Yeye alijaribu kutoka kwa hoja: mimi ninayewaza nipo, na Mungu yupo, tena si mdanganyifu, kwa hiyo ninachokiona kwa uwazi kamili ni kweli. Antoine Arnauld, mwanateolojia wa Ufaransa, alimwuliza palepale swali ambalo linasumbua wasomaji hadi leo: ikiwa tunajua kwamba Mungu yupo kwa sababu tunaliona hilo kwa uwazi, na tunauamini uwazi huo kwa sababu Mungu yupo, je, hatuzunguki duara? Akili imeitwa mahakamani iwe shahidi wa uaminifu wake yenyewe. Wanafalsafa wa shaka wa Ugiriki walikuwa wameliona tatizo hilo kwa ujumla wake, na Sextus Empiricus ameliandika: ukidaiwa uthibitisho wa kila uthibitisho, ama utaendelea kurudi nyuma bila mwisho, ama utazunguka, ama utasimama mahali fulani na kusema kwamba hapa ninashika bila kuthibitisha. Hakuna njia ya nne ambayo imewahi kupatikana na kukubaliwa na wote.

Tufanye nini, basi, na hoja ya namna hiyo? Jibu linaloniridhisha zaidi ni la mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein, katika maandishi aliyoyaendeleza hadi siku chache kabla ya kifo chake mwaka 1951, ambayo yalichapishwa mwaka 1969. Anasema kwamba kutilia shaka ni kazi, na kazi hiyo inahitaji vitu ambavyo havitiliwi shaka. Maswali yetu na mashaka yetu yanategemea kauli fulani ambazo zimesimama imara, kama bawaba ambazo mlango hugeukia juu yake. Ukitaka mlango ufunguke, bawaba lazima zikae. Ghazali alipouliza kama hisi zinadanganya, aliegemea jiometri. Alipoitilia shaka jiometri, bado aliegemea maana ya maneno yake, na kumbukumbu kwamba aliwahi kuota na kuamka. Shaka iliyoenea kila mahali haina pa kukanyaga. Sisemi kwamba hili linaikanusha hoja ya ndoto, kwa maana halionyeshi kwamba tuko macho. Linaonyesha kwamba hoja hiyo inadai kipimo ambacho hakuna maarifa yoyote, hata yale yanayohitajika ili kuitamka hoja yenyewe, yanayoweza kukifikia.

David Hume alikuwa ameitazama hali hii kwa jicho la mtu anayejichunguza. Mwaka 1748 aliandika kuhusu hoja za Askofu George Berkeley, aliyefundisha kwamba hakuna maada nje ya nafsi zinazotambua, na kwamba meza na milima ni mawazo tu yaliyomo ndani ya nafsi hizo na katika Mungu. Hume alisema kwamba hoja hizo hazina jibu, na hazimfanyi mtu aamini. Mwandishi wa Uingereza Samuel Johnson, mwaka 1763 huko Harwich, alidhani ametoa jibu: aliupiga teke kwa nguvu jiwe kubwa akasema kwamba anaikanusha nadharia ile kwa namna hiyo. Lakini Berkeley hakuwahi kukana kwamba jiwe ni gumu, wala kwamba mguu utauma. Ugumu na maumivu ni mambo yanayohisiwa, na nadharia yake ilikuwa imeyaweka ndani tangu awali. Teke la Johnson halikuigusa nadharia, ingawa liligusa ukweli mmoja kuhusu Johnson na kuhusu sisi sote, kwamba hatuwezi kuishi tukiwa tumeiamini kama tunavyoamini kwamba mvua inanyesha.

Katika karne ya 20 aliyelifanya jambo hili kuwa kiini cha kazi yake ni mwanafalsafa Karl Popper, na kilichomwamsha ni mambo yaliyotokea alipokuwa kijana jijini Vienna. Tarehe 29 Mei 1919 jua lilipatwa, na Waingereza walituma timu mbili kupiga picha za nyota zilizo karibu na ukingo wa jua: moja Sobral nchini Brazili, na nyingine, chini ya Arthur Eddington, katika kisiwa cha Príncipe kwenye Ghuba ya Guinea. Nadharia ya Einstein ilitabiri kwamba mwanga wa nyota hizo ungepinda kwa kiasi fulani, karibu mara mbili ya kile kilichopatikana kwa hesabu za Newton. Matokeo yalimuunga mkono Einstein, lakini kilichomvutia Popper zaidi ni kwamba yangeweza kumwangusha. Alilinganisha na nadharia za saikolojia zilizokuwa zikitamba mjini kwake. Chukua mtu anayemsukuma mtoto majini kwa nia ya kumzamisha, na mwingine anayejitupa majini na kuutoa mhanga uhai wake ili amwokoe mtoto. Kwa wafuasi wa Freud, wa kwanza alikuwa na matamanio yaliyokandamizwa, na wa pili alifaulu kuyageuza matamanio yake kuwa tendo tukufu. Kwa Alfred Adler, wa kwanza alijiona duni akahitaji kujithibitishia kwamba anathubutu kutenda uovu. Wa pili naye alijiona duni akahitaji kujithibitishia kwamba anathubutu kuokoa. Popper hakuweza kufikiria tendo lolote la binadamu ambalo nadharia hizo zisingelieleza, na huo uwezo wa kueleza kila kitu, ambao wafuasi waliuona kuwa nguvu, yeye aliuona kuwa udhaifu.

Muundo huohuo umeelezwa vizuri sana barani kwetu, na ningependa tuutazame bila dharau. Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard aliishi miongoni mwa Wazande, katika nchi ambayo sasa ni Sudan Kusini, na mwaka 1937 alichapisha utafiti wake. Wazande walikuwa na ramli ya benge: kuku hulishwa sumu, swali likaulizwa mbele yake, na kufa au kupona kwake ndilo jibu. Ramli ilipotoa jibu lililokuja kukanushwa na matukio, maelezo hayakukosekana. Huenda sumu ilichumwa vibaya, au mwiko ulivunjwa, au mchawi aliingilia kati. Kila maelezo yalitoka ndani ya imani ileile, kwa hiyo kila kosa la ramli liliithibitisha imani badala ya kuitikisa. Evans-Pritchard hakuwaona Wazande kuwa watu wasiojua kufikiri. Aliandika kwamba yeye mwenyewe aliendesha mambo ya nyumbani kwake kwa kufuata ramli, na akaiona kuwa njia ya kuridhisha kama nyingine yoyote. Wazande na wanasaikolojia wa Vienna walikuwa wakifanya jambo lilelile, kila mmoja kwa vifaa vyake. Nasi tunalifanya. Anayeamini kwamba kuna njama kubwa ya siri, ukimwambia kwamba hakuna ushahidi, atakujibu kwamba ukosefu wa ushahidi unaonyesha ustadi wa wanaouficha. Ukiendelea kumpinga, utakuwa mmoja wao.

Hata hivyo, ni kosa kuhitimisha kwamba dai lisilokanushika ni lazima liwe la uongo, au upuuzi. Popper mwenyewe hakusema hivyo. Wazo kwamba vitu vyote vimeundwa kwa chembe ndogo zisizogawanyika lilitolewa na Wagiriki zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, na kwa sehemu kubwa ya muda huo hapakuwa na njia yoyote ya kulipima. Mwanzoni mwa karne ya 20, hesabu za Einstein na majaribio ya Jean Perrin kuhusu mtikisiko wa vipande vidogo vilivyoelea kwenye maji ndivyo vilivyoligeuza kuwa jambo la maabara. Kama watu wangelitupa kwa sababu tu halipimiki, tungelikosa. Kwa dai lisilopimika swali linalofaa ni hili: linajibu tatizo gani, na linalijibu vizuri kuliko madai mengine yanayoshindana nalo? Kwa kipimo hicho wazo la chembe lilikuwa na kazi ya kufanya, lilieleza kwa nini vitu huyeyuka, huchanganyika na hunukia kwa mbali. Dunia ya dakika tano haielezi chochote ambacho dunia ya kale haielezi.

Sasa tugeukie maswali. Yapo ambayo hayajibiki kwa sababu yamebeba ndani yake jambo ambalo halijakubaliwa. Ukimwuliza mwenye duka mbele ya wateja wake kwamba ameacha lini kuwapunja, kila tarehe atakayoitaja ni ungamo. Dawa yake ni kukataa kile kilichofichwa ndani ya swali. Immanuel Kant, mwaka 1781, alidai kwamba baadhi ya maswali makubwa kuliko yote ni ya aina hiyo. Je, ulimwengu una mwanzo katika wakati, au hauna? Alizipanga hoja za pande zote mbili, kila upande ukishinda kwa kuonyesha kwamba upande wa pili hauwezekani, na akahitimisha kwamba pande zote zimechukulia ulimwengu mzima kuwa kitu kilichowekwa mbele yetu kama kitu kingine cha kutazamwa, jambo ambalo halipatikani kamwe katika uzoefu wa binadamu.

Wazande walikuwa na swali la namna hiyo ambalo linajulikana kwa kila aliyewahi kukaa matangani. Ghala la nafaka linaanguka na kuwaua watu waliokaa chini yake kivulini. Mzande anajua kwamba mchwa walikuwa wameila miguu ya ghala, na anajua kwamba watu wale walikaa pale kukimbia jua. Anachouliza ni kwa nini ghala lilianguka wakati uleule walipokuwa wamekaa wao. Sayansi itaeleza mwendo wa mchwa na itaeleza mwendo wa watu, kisha itasema kwamba kukutana kwao ni sadfa. Mimi naamini kwamba hilo ndilo jibu sahihi, na kwamba swali limechukulia kuwepo kwa nia mahali ambapo huenda haipo. Lakini naamini pia kwamba anayeliuliza akiwa na msiba hajafanya kosa la kufikiri, kwa kuwa anatafuta kitu ambacho maelezo ya mchwa hayakukusudiwa kukitoa.

Aina nyingine ni maswali yanayoonekana kuwa hayana jibu kwa sababu tu tunakosa chombo. Mwaka 1835 mwanafalsafa wa Ufaransa Auguste Comte aliandika kwamba tunaweza kujua umbo la nyota, umbali wake, ukubwa wake na mwendo wake, lakini hatutaweza kamwe, kwa njia yoyote, kujua zimeundwa kwa kemikali gani. Lilikuwa dai la busara: nani angekwenda kuchukua kipande cha nyota? Comte alifariki mwaka 1857. Mwaka 1859, huko Heidelberg, Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen waligundua jinsi ya kuitambua kemikali kwa mwanga wake. Ukinyunyiza chumvi ya kawaida kwenye moto, ndimi zake hugeuka manjano, na manjano hayo ni ya sodiamu peke yake. Mistari myeusi iliyomo katika mwanga wa jua inaangukia palepale penye rangi hizo. Mwaka 1868 wanaastronomia waliona katika mwanga wa jua mstari usiolingana na kemikali yoyote iliyojulikana, na kitu hicho, heliamu, kilipatikana duniani mwaka 1895. Alichosema Comte kwamba hakijuliki kamwe kiligeuka kuwa njia ya kugundua kitu ambacho hata hapa duniani hatukuwa tumekiona.

Je, tuseme basi kwamba kila swali litajibiwa siku moja? David Hilbert, aliyekuwa kinara wa hisabati wa enzi zake, alisema karibu hivyo huko Königsberg tarehe 8 Septemba 1930: lazima tujue, na tutajua. Siku moja kabla, katika mji uleule, kijana Kurt Gödel alikuwa ametangaza mkutanoni kwamba mfumo wowote wa kanuni wenye uwezo wa kubeba hesabu za kawaida, mradi haujipingi wenyewe, una kauli ambazo hauwezi kuzithibitisha wala kuzikanusha. Mfano maarufu ulikuja baadaye. Hilbert alikuwa ameliweka la kwanza kabisa, katika orodha yake ya mwaka 1900, swali kama kuna ukubwa wowote wa wingi usio na mwisho ulio kati ya ule wa namba za kuhesabia na ule wa nukta za mstari. Gödel alionyesha kwamba kanuni za kawaida za seti haziwezi kulikanusha dai kwamba haupo, na Paul Cohen, mwaka 1963, akaonyesha kwamba haziwezi kulithibitisha. Hapa kutojibika kumethibitishwa kwa hoja iliyo wazi kama ya Euclid. Hata hivyo kumethibitishwa kwa kanuni hizo tu, na wapo wanahisabati wanaotafuta kanuni mpya ambazo zingelimaliza.

Comte alikuwa na uhakika bila uthibitisho. Gödel alikuwa na uthibitisho, na akaweka mipaka yake. Maswali mengi ya falsafa yako katikati, na hatujui yataangukia upande gani. Mwaka 1872 huko Leipzig, mwanafiziolojia Emil du Bois-Reymond alisema kwamba kuna mambo ambayo hatuyajui na hatutayajua kamwe, na mojawapo ni jinsi mwendo wa chembe za ubongo unavyozaa hisia, kama ladha ya utamu au maumivu. Mwaka 1998 mtaalamu wa ubongo Christof Koch aliwekeana dau la kasha la mvinyo na mwanafalsafa David Chalmers kwamba ndani ya miaka 25 ingejulikana wazi ni utendaji gani wa ubongo unaoleta hali ya kuwa na fahamu. Juni 2023, katika mkutano wa wataalamu wa fahamu huko New York, Koch alikubali kwamba ameshindwa, akalipa. Kushindwa huko hakuonyeshi kwamba du Bois-Reymond alikuwa sahihi, kama vile Comte hakuthibitika kuwa sahihi kwa kufa kabla ya ugunduzi wa Heidelberg.

Mkutano huo pia ulipokea matokeo ya majaribio yaliyozilinganisha nadharia mbili kuu za fahamu. Kabla ya ubongo wa mtu yeyote kupimwa, watetezi wa kila nadharia walikubaliana na kuandika ni matokeo gani yangewaunga mkono na ni yapi yangewapinga. Matokeo yalipotoka, hakuna nadharia iliyopata kila ilichokitabiri. Kila moja ilionyeshwa mahali ilipokosea, na mabishano kuhusu tafsiri ya matokeo hayo yanaendelea. Chalmers angesema kwamba hata ramani kamili ya ubongo itaacha bila jibu swali la kwa nini utendaji huo unaambatana na hisia yoyote. Kama yuko sahihi, atatakiwa pia atueleze ni kitu gani ambacho, kikipatikana, angekubali kwamba ndilo jibu.